Ulibaki Nje kwa Amri Yangu

Harlan Wells, Texas
14 Novemba 1988

Mpendwa mpwa wangu Lonnie,

Pokea salamu za nyumbani. Natumai u mzima huko Alaska na baridi haijakushinda. Sisi ni wazima, ila goti langu linanisumbua na mama yako hasemi nami. Sababu utaisoma hapa chini.

Timu yangu ya mpira wa Kimarekani imeshinda mechi saba. Vijana nawafundisha yale yale: mzuiaji wa wapinzani, anayemfungulia njia mbeba mpira wao, akikujia, mpokee kwa viganja, si kwa bega, msukume, jinasue, kisha mkimbilie mbeba mpira. Na mlinzi wa pembeni abaki nje siku zote, ili mbeba mpira alazimike kurudi katikati, walinzi wenzake wamkamate.

Lonnie, nimechelewa miaka sita kuandika haya. Siku ya fainali, wakati wa mapumziko, ulinivuta kando ukasema, "Mjomba, yule mzuiaji keshanijua. Anajua nitabaki nje, ananisukuma huko huko. Niache nimpite kwa ndani." Nikakujibu, "Kocha ni nani hapa? Baki nje, la sivyo utarudi kwa miguu."

Ukabaki nje. Mbeba mpira akapita katikati, kombe likaenda. Mji mzima ukasema kwamba wewe uliogopa kugongana, mpaka ukafunga mizigo yako ukaenda Alaska. Mimi nilisikia yote nikanyamaza. Naona aibu hata kuyaandika.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mkahawani kwa Hruska, tukinywa kahawa na kutazama filamu za mechi za zamani kama kawaida yetu. Ikafika yako. Hruska akasema, "Mcheki Lonnie, kamkumbatia mzuiaji utadhani bibi harusi wake." Watu wakacheka. Miaka yote nami hucheka. Safari hii nilizima mashine nikawaeleza nani alikuamuru ubaki nje.

Mama yako, aliyekuwa akila meza ya pili, aliweka uma chini. "Miaka sita, Delbert," akasema. "Mwanangu hajala Krismasi kwangu miaka sita, na wewe unajua?" Akachukua koti lake akaondoka.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje kwa mama yako Krismasi hii. Hruska hatakucheka tena. Alikuja mwenyewe kuniomba anwani yako. Kama hutaki kuniona mezani, mimi nitakula kwangu.

Bibi Albina na dada yako Charlene wanakusalimu. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akuoneshe njia ya nyumbani.

Wako akupendaye, niliyekukosea,
Mjomba Delbert