Sasa Nawe ni Mwasisi, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nina habari ambayo ingekuchekesha mpaka ukavua miwani: tangu ututoke, umekuwa mwasisi. Watu wa kijijini kwetu Kasense wanagombania ulichokusudia, kama wanafunzi wangu wa sheria wanavyogombania walichokusudia waasisi wa Marekani.

Unaikumbuka mijadala yetu barazani, tukipukuchua mahindi? Nilikueleza kwamba katiba yao ni fupi, kwamba imegawa madaraka ili pasiwepo mkubwa asiyezuilika, na kwamba inaanza kwa "Sisi Watu". Ukasimamisha gunzi hewani, ukaniuliza watumwa wao walikuwa wapi siku hiyo. Nikajibu kwamba hawakuhusishwa, wala wanawake hawakushirikishwa kuiandika.

"Basi maneno yao yalikuwa mapana kuliko wao wenyewe," ukasema. "Lakini wewe, mwanangu, usiyapanue peke yako. Waite wenzako."

Nilikuona mkaidi. Mimi nilishikilia kwamba majaji waisome katiba kwa mahitaji ya walio hai. Wewe ulitaka isomwe kama ilivyoandikwa, na isipofaa ibadilishwe waziwazi, na wote. Mama alipita na ungo wake, akatukumbusha kwamba Marekani hawatatuletea mboga.

Juma lililopita, nikiwa likizoni Katandala, Baba Kristofa alinipigia simu niende Kasense kikaoni. Ndiye anayeongoza sasa kikundi chenu cha kulimiana. Kanuni uliyoiandika inasema kila mwanachama atafanya kazi katika shamba la mwenzake kwa mikono yake mwenyewe. Mama Nkwimba, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka upande wa Mwanza, aliwalimia wote kwa plau. Ilipofika zamu yake ya kupaliliwa, baadhi wakadai kwamba hakushika jembe, hivyo hastahili kitu. Ng'ombe hawapalilii ulezi, Baba, na ulezi wake ulikuwa ukisongwa na magugu.

"Marehemu aliandika mikono," akasema Baba Kristofa kikaoni. "Hakuandika ng'ombe."

"Kwani plau niliishika kwa masikio, mwenyekiti?" akauliza Mama Nkwimba.

Kikao kikacheka, ila hakikuamua. Wote wakanigeukia mimi, binti yako: marehemu alikusudia nini?

Ulikuwa mtihani mtamu. Ningeweza kukusemesha lolote, na huwaonya wanafunzi wangu kwamba mwasisi aliyekufa humkubalia kila anayemsemea. Kwa hiyo nilitoa ushahidi wa nilichokiona tu. Nilimwona mwenye duka mmoja akituma vibarua huku yeye akibaki kivulini, nikakuona ukiandika "mikono yake mwenyewe" jioni ile ile. Ng'ombe hawakuwa hoja. Hakuna mwanachama aliyekuwa nao wakati huo. Kama ungelishangilia plau au ungeliikataa, sijui, na nilisema sijui. Kisha nikawapa maneno yako: msiyapanue mmoja mmoja, waiteni wenzenu.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana wote kuiandika upya: kwa mikono au kwa ng'ombe, ilimradi mwenyewe awepo. Baba Kristofa aliisoma kwa sauti ya mtu aliyeibuni. Nilikuwa nimeanza kuhoji kama kanuni mpya inaweza kuhusu kazi iliyokwisha kufanyika, Mama Nkwimba akanikatiza.

"Mwalimu, magugu hayajaenda likizo."

Kesho yake tulipalilia ulezi wake sote, nami nikiwamo, kwa kuwa waliamua kwamba mfasiri naye ana mikono. Ulishinda, Baba: neno halikuvutwa, lilibadilishwa. Nami nilishinda, maana walio hai ndio walioamua. Kilichopungua ni wewe wa kunibishia hilo. Nimezoea kukupinga, kukubaliana nawe peke yangu kunanichosha kuliko palizi.

Viganja vyangu vimejaa malengelenge na mwandiko umepinda, jambo ambalo usingelivumilia. Kwa leo tu, nakusihi, usinisome kama nilivyoandika. Nisome kama nilivyokusudia.

Binti yako,
mpinzani wako wa barazani