Vigingi Vyekundu Kwenye Vijia vya Chai

KITUO CHA POLISI, RUNYENJES
Maelezo ya shahidi kuhusu vigingi vilivyokutwa mashambani

Jina: Purity Kajuju
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi
Makazi: Makutano, mjini Meru
Mwandishi: Koplo Kivuti, Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, saa tisa na robo alasiri

Nimekuja kwa hiari yangu kusema kwamba Eric Mutegi, kijana mliyemfungia hapa tangu asubuhi, hapimi ardhi ya mtu wala hakutumwa na serikali. Ni fundi baiskeli wa Meru na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Vile vigingi ishirini na viwili vyekundu ni vyetu. Rangi nilichagua mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, baba aliniambia baiskeli si ya wasichana, nami nikamwamini miaka arobaini. Mwezi wa Februari mwaka huu nilimuuliza Mutegi kama mtu wa umri wangu bado anafundishika. Akasema, "Madam, wewe leta magoti tu, hiyo ingine niachie." Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa uwanja wa shule, geti limefungwa. Nilianguka mara kumi na moja. Mwezi wa Mei nilizunguka uwanja mzima bila kushikiliwa, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu.

Afande ameniomba nirudi kwa mambo ya vigingi. Narudi.

Mnamo tarehe 19 Julai, saa kumi alasiri, tulikutana mjini Meru katika duka la vitambaa la rafiki yangu Ikran. Alikuwepo pia Karwirwa, mwalimu mwenzangu. Tulipanga wikendi ya baiskeli hapa Runyenjes, kwa sababu waendeshaji wa baiskeli za milimani wanausifu sana mji huu: vijia katikati ya chai na kahawa, halafu mteremko wa kuanzia kilima cha Kirimiri ambao Mutegi anasema ukiushuka unacheka peke yako. Ikran alisema atabeba sambusa na chupa mbili za chai ya maziwa. Karwirwa aliandika orodha ya vitu mara nne, maana kila akimaliza tulikuwa tunaongeza. Tulikuwa na furaha ya watoto wanaokwenda safari ya shule.

Kisha Ikran akauliza, "Na tukipotelea huko ndani ya chai?" Nikasema Mutegi atatangulia na kuweka alama kila njia panda. Karwirwa alitaka rangi nyeupe. Mimi nikasema nyekundu, kwa sababu ninavaa miwani na nyekundu ndiyo ninayoiona mapema. Nikamnunulia mkebe wa rangi mimi mwenyewe.

Jana Alhamisi, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, Mutegi alipigilia vigingi hivyo kando ya vijia. Alinitumia picha ya kila kimoja. Nilizitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Leo tulifika stendi ya Runyenjes saa tano na nusu, baiskeli zetu zikiwa nyuma ya pikapu. Mutegi hakuwepo. Nilipopiga simu yake alijibu mzee nisiyemjua: "Boss, huyu kijana yako ako polisi. Hata wewe kuja utuambie hiyo barabara inapita wapi."

Hapa nje ya kituo nilikuta wakulima wengi, wengine wameshika vigingi walivyong'oa. Aliyejibu simu ni Mzee Njuki, mkulima wa chai aliyemleta Mutegi hapa na kubaki na simu yake. Aliniambia barabara ya kwao ilipopanuliwa, mambo yalianza hivi hivi: kijana mgeni, vigingi vyekundu, na hakuna salamu. Baada ya mwezi mmoja mistari minne ya chai yake ilikuwa imelimwa na tingatinga. "Hiyo chai ilipandwa na mama yangu," alisema. "Sasa huyu wako amepita na mkebe wa rangi, hata hodi hakupiga."

Niliona haya. Nimefundisha watoto wa watu kupiga hodi kwa miaka ishirini na sita, na sikukumbuka kumwambia Mutegi aombe ruhusa. Nilimwomba mzee msamaha, nikamweleza kwamba vigingi ni vya kuonyesha wanawake watatu njia ya baiskeli. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe? Baiskeli?" Wakulima wakacheka.

Baiskeli ninayo, nimeileta iwe ushahidi. Nimeisukuma kutoka stendi. Leo ni siku ya soko na sijawahi kuipanda mbele ya watu.

Tulipanga kuanza kesho saa moja asubuhi. Bila Mutegi hatuendi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua vijia. Kama kuna wa kufungiwa, ni mimi niliyechagua rangi, lakini naomba iwe Jumatatu.

Nimesomewa maneno haya yote na ni yangu, hata yale Afande aliyosema hayahusiani na kesi.

Sahihi: P. Kajuju

MAONI YA AFISA
Mlalamishi Njuki alisema ataondoa malalamiko akimwona shahidi akiendesha. Shahidi alifunga kamba za viatu, akavaa kofia. Saa kumi na dakika arobaini aliipanda baiskeli langoni, akateremka mpaka sokoni, akazunguka stendi na kurudi. Hakuanguka. Umati ulimshangilia, na baadhi ya wauzaji waliacha bidhaa zao.

Mshukiwa ameachiliwa. Vigingi wamepewa wenye mashamba, ambao watavisimika wenyewe pale wanapokubali njia ipite. Mzee Njuki amechukua vitatu.

Shahidi alirudi ndani akihema na kuomba iandikwe kwamba hakuna aliyemshikilia baiskeli. Imeandikwa.

Koplo Kivuti