Mrija wa Fideli

Divine, mjukuu wangu,

Pokea huko Mbarara salamu za hapa kambini Rubondo. Mama yako hajambo, mihogo imekauka. Unauliza kama Noeli bado inatuchekesha.

Kule Burundi, Noeli moja nikiwa bibi arusi, tuliweka mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Babu yako akasali, na sala zake unazijua zilivyo ndefu. Kufumbua macho, pombe imeshuka hadi nusu, na rafiki yake Fideli bado ana mrija mdomoni.

"Naangalia kama baraka imefika chini!"

Tulicheka hadi maharage yakapoa.

Fideli alikimbia vita pamoja nasi, akaiba hivyo kila Noeli. Sasa yeye na babu yako wako makaburini.

Juzi, siku ya Noeli, niliweka mtungini mirija mitatu, wangu na yao miwili, nikafumba macho, nikasali polepole sana. Nilipofumbua, pombe haikuwa imeshuka hata kidole.

Bibi yako