Laini ya Kampala Ilikuwa Imekufa

Arua, Jumapili

Mama yangu Hajira,

Najua hakuna posta inayofika huko uliko. Mimi mwenyewe mtu wa posta, ningeshasikia. Lakini kuna neno nilikuficha ukiwa hai, na tangu tulipokuzika Koboko limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nalitema.

Laini ya Kampala ilikuwa imekufa, Mama. Jumanne ile "Luteni" alipokupigia mara ya kwanza, nguzo zilikuwa zimeangushwa na mvua tangu Jumapili. Siku tatu nzima hakuna simu hata moja iliyotoka Kampala ikaingia Arua. Najua, kwa sababu mimi na wenzangu wa zamu ndio tulikuwa kwenye swichibodi ya kuunganishia simu, tunawaambia watu, "Kampala hakuna, rudi kesho." Halafu Ijumaa nakuja nyumbani, nakukuta umepaka hina, unacheka, unaniambia mkubwa mmoja wa jeshi amepiga kutoka Kampala, kwenye simu ya duka la Mzee Khamis. Ati kaka Sebit, ambaye watu wa gari lisilo na namba walimchukua kazini kwake miezi minane kabla, yuko hai. "Iko, Zamida! Iko mzima! Iko gerezani, anauliza habari yetu!"

Na ulikuwa umekula. Sahani nzima ya kunde na mkate wa kisra. Miezi minane ulikuwa unalamba tu chai kama mgonjwa, na siku ile umemaliza sahani. Ningefungua mdomo vipi?

Jumatatu nikarudi kazini nikamvizia huyo Luteni. Kwenye swichibodi kila laini ina kibao chake kidogo. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, kibao kinaanguka, mimi naona ni nani kabla hajasema kitu. Jumatano kikaanguka kibao cha hoteli moja hapahapa Arua, karibu na soko. Sauti ya mwanaume mwenye mafua: "Nipe Koboko, duka la Mzee Khamis, muite Mama Sebit." Sijakosea, Mama. Hiyo Kampala yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kiti changu.

Tulikula kiapo hapa, kutosikiliza maneno ya watu wala kuyatoa nje. Mwenzangu mmoja alitoa, na hatujui alipo. Lakini siku ile nilisikiliza. Yallah, Mama! Yeye kasema salaam aleikum tu, wewe ukamfungulia nyumba nzima! "Aleikum salaam, mwanangu, sisi huku wazima, Zamida iko kazini Arua, mjomba Marjan mguu umepoa, ile mbuzi nyekundu imezaa mapacha, tunamlilia Sebit tu." Yeye anayachukua yote. Mwisho anakohoa, anasema, "Sebit anauliza, mguu wa mjomba Marjan unaendeleaje?" Na wewe ukalia kwa furaha. Ulikuwa umesahau kwamba ulimwambia wewe mwenyewe. Sisi watu wa Koboko ndivyo tunavyosalimia, mpaka mbuzi ametajwa salamu haijaisha, na yule mshenzi alijua hivyo.

Nilijaribu, si kwamba sikujaribu. Nilikuambia, "Mama, akipiga tena usitaje mtu. Mwache ataje yeye." Ukanitolea macho. "Mutu ananisalimia, mimi ninyamaze? Mimi mnyama?" Nikasema basi, muulize Sebit alilala wapi siku ya harusi ya binamu yetu Asha. Ukakubali, halafu ukamuuliza hivi: "Muulize Sebit kama anakumbuka alivyolala kwenye lori, siku ya harusi ya Asha." Bila shaka akakumbuka! Nilicheka, Mama. Niliposikia ukinisimulia nilicheka mpaka machozi, na wewe ukacheka na mimi, kila mtu na sababu yake.

Ningeweza kusema neno moja. Hiyo simu inatoka Arua. Sikusema. Nilijiambia naogopa kiapo, na kweli niliogopa, lakini hiyo si yote. Niliona bangili zako za dhahabu zimeondoka mkononi, ati za mlinzi wa gereza, na bado nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka Sebit awe hai. Mara nyingine kibao cha hoteli kilipoanguka mbele yangu nilikuunganisha, nikavua hedifoni masikioni, nikaiweka juu ya meza. Sikutaka kusikia.

Simu hiyo ndiyo iliyokuambia uende Oraba. Kwamba Sebit atavushwa mpakani hapo kwenda Sudani, uje na cherehani yako ya kuwapa askari. Umeenda nayo kichwani kutoka stendi, mwanamke wa umri wako. Mtu akaipokea akasema ngoja hapa. Umengoja siku mbili kwenye mvua, na chakula cha Sebit kimefungwa kwenye kitambaa, hukukigusa. Watu walipokurudisha nyumbani kifua kilikuwa kimeshashikwa na baridi. Siku ya sita ukatuacha. Mpaka dakika ya mwisho unaniambia, "Labda gari limekwama."

Mimi ndiye niliyeunganisha, Mama. Kwa vidole hivi.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita kibao kilekile kikaanguka. Mafua yaleyale. "Nipe Koboko, duka la Mzee Khamis, muite Mama Keji." Unamjua, yule jirani Mkristo aliyekimbia vita Sudani, mume wake dereva wa lori, alichukuliwa njiani mwaka jana. Nikaunganisha, nikabaki kwenye laini. Alipoanza tu, "Mimi Luteni, kutoka Kampala," nikaingia katikati. Nikasema, "Mama Keji, mimi Zamida binti Hajira. Huyu hayuko Kampala. Yuko hotelini Arua. Mama yangu amekufa kwa maneno yake." Mwanaume akakata. Sijui kama amenishitaki. Kila gari likisimama nje ya posta natazama namba.

Lakini Mama Keji hakukata. Akasema, "Wewe umeua mume wangu." Hivyo tu. Ndiyo maneno niliyoogopa kuyasikia kwako, juu ya Sebit.

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari nikaenda kwake, nipigwe kama ni kupigwa. Nikakuta mikeka ya matanga imetandikwa uani. Kanyoa nywele. Wanawake wa kanisa lake wanaimba. Aliponiona akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka wake. Akasema, "Mwaka mzima sijalia. Nililinda simu, nikingoja habari yake." Nikalia naye mpaka sauti ikaniisha, na sikuwa namlilia mume wake.

Hitima ya Sebit ulikataza isitajwe nyumbani kwako, na ulipoondoka sisi wote tukaendelea kukuheshimu. Nisamehe kwa hili pia. Nimezungumza na mjomba Marjan na shehe. Ijumaa ijayo, baada ya swala, tutatandika mikeka uani kwako na tutamsomea. Nitapika mimi. Watu wakiuliza tunamsomea nani, nitajibu mimi, kwa sauti, marehemu Sebit.

Kwaheri, Mama. Mpokee mwanao, kama si yeye aliyekupokea kwanza.

Wako,
Zamida