Nimemtafuta Liway Masokoni

Amman

Dada yangu Perlita,

Salamu nyingi zikufikie wewe na baba huko Iloilo. Naomba goti lako liwe limepata nafuu, na mvua isiwe imewasumbua tena. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna pa kukaa.

Tangu mwanao Liway atoroke nyumba aliyokuwa akifanya kazi, silali vizuri. Waajiri wake walinipigia simu, wakadai ameiba, wakakata. Pasipoti yake wanayo wao. Nikajua hawezi kufika mbali, na asiye na karatasi hujificha penye watu wengi. Basi kila nikitoka kazini nashuka sokoni.

Nimepita kwa wauza dhahabu, kwa mafundi wa magauni, kwa wauza kuku, picha yake mkononi. Miaka yote niliyoishi hapa masoko haya yalikuwa starehe yangu. Sasa nayapita kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Muuza dhahabu mmoja aliniambia, "Mama, nyie Wafilipino wote sura moja, wako nitamjuaje?" Wenzake wakacheka. Ni Abu Nidal, ninayenunua viungo kwake siku zote, aliyeiangalia picha sana, kisha akaninong'oneza kwamba kuna binti huja kununua siki, uso kaufunika, halafu hurudi upande wa mitumba.

Ijumaa nilimkuta huko, anakunja makoti kwenye meza ya mama mmoja Msudani. Nilimwita, hakugeuka. Nikamwita kwa lugha yetu. Koti likamponyoka, nikaona tumbo.

Dada, keti kwanza. Liway hakuiba. Bwana wa nyumba ile alimwingilia kwa nguvu, na mkewe alipoligundua tumbo ndipo wizi ukatungwa. Nilimsihi twende ubalozini. Alikataa, akasema watamrudisha kwako akiwa hivyo. Akanishika mkono akaniambia, "Mama mdogo, mwambie mama hukuniona. Bora anililie kama nimekufa."

Nikamwahidi. Nilitaka tu atulie, nirudi na nguo za joto na dawa.

Niliporudi, meza ilikuwa tupu. Yule mama Msudani alisema askari walipita wakikagua karatasi, Liway akakimbia kwa kandambili, wala hajui kaelekea wapi. Alilia akinieleza, nami nikalia naye mbele ya watu.

Kwa hiyo ahadi nimeivunja. Bado nazunguka, Abu Nidal naye anauliza kwa wenzake. Lakini nikimpata nitamwambia nini? Maneno yangu hayakumtosha. Niandikie wewe, kwa mkono wako, kama anaweza kuja nyumbani na huyo mtoto. Kama huwezi kuliandika hilo, Perlita, usiandike chochote.

Msalimie baba. Mwambie mjukuu wake yupo.

Mdogo wako,
Nenita