Muziki Uliolipasua Jarida la Cuivres

Ijumaa, 20 Februari 1948
Masikio bado yanavuma! Jana bendi ile ya Wamarekani ilipiga jazi ya mtindo mpya hapa Paris — tarumbeta zinafukuzana kama paka juu ya mabati! Nusu ya ukumbi walizomea, nusu wakapanda juu ya viti. Mimi nilipanda. Na viatu vyangu! Bwana Thévenin, mhariri mkuu wa jarida letu la jazi, Cuivres, alitoka mapema. Eti hiyo si jazi, ni sahani zinavunjika.

Jumamosi, 21 Februari
Ofisini moto! Thévenin anataka niandike kwamba zilikuwa kelele. Nikamwambia mimi nilisikia muziki.
"Masikio hayo umeyaazima wapi, binti?"
Lucien, mpiga picha wetu, akadakia: "Kwa watu wa leo, mzee!"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Inaniuma. Cuivres kaianzisha yeye, kabla ya vita. Wajerumani walipoifunga, alificha santuri chini ya makaa, akatualika jikoni kwake kusikiliza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jazi nimefunzwa na yeye!

Jumatatu, 23 Februari
Nimeandika! Mfululizo, chai ikapoa. Nikampelekea mwenyewe mkononi — sikutaka kumzunguka. Kasoma amesimama.
"Umeandika vizuri. Vizuri mno. Ikichapwa hii, mimi natoka."
Lucien akataka tupige kura. Makala yangu imepita — kwa kura moja! Niliruka kama mtoto. Kisha nikamwona Thévenin anavaa koti.

Jumatano, 25 Februari
Habari zimeenea. Wasomaji wanagombana hadi kwenye ngazi zetu! Wawili wamekunjana mashati kwa sababu ya mpiga ngoma wa bendi ile!
Thévenin kaja kuchukua santuri zake. Nikamsaidia kubeba sanduku hadi barabarani. Nikamsihi arudi.
"Nirudi nifanye nini, Solange? Nikuzibe mdomo?"
Akanibusu mashavu yote mawili. Akaenda, hakugeuka.
Nimepanda juu, simu inalia. Mpiga chapa. Jalada liko tayari, ila Thévenin kaamuru jina lake liondolewe. Mhariri mkuu aweke nani? Mashine inangoja!
Nikawageukia wenzangu. Wote wananitazama — mimi! Mwanamke, kwenye jalada la jarida la jazi!
Nimemwambia apige tena baadaye kidogo. Naandika haya nimejifungia chooni, na kicheko sijui kimetoka wapi.
Simu tena. Lucien anagonga mlango. "Solange! Toka, mama! Mpiga chapa anauliza jina lako linaandikwaje!"