Rokenroli Mbele ya Ukoo

Kaka Asajile,

Sijui kama huko uliko kuna baridi kama hii ya Mbeya, wala kama wana gramafoni. Kama hawana, nakuhurumia kuliko hawa wote waliokulilia.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako. Nimekuja kutoka Iringa kumaliza matanga, na habari unayoingoja naijua: santuri mpya. Rafiki yako yule dereva hajaacha kutuletea kutoka Rodesia. Aliposikia umefariki, alisimamisha lori lake pale kwangu Kihesa, akanipa santuri tatu, akaondoka.

Ya kwanza usisikitike kuikosa. Mwimbaji analia kama ndama aliyeachishwa kunyonya, na gita limejificha nyuma yake kwa aibu. Ya pili ina ngoma inayopigwa kama mtu anafukuza ngedere shambani. Niliirudia mpaka jirani akaja mlangoni: "Dada, huyo mgonjwa unayempunga pepo bado hajapona?" Ya tatu… Ya tatu, kaka, ungekufa tena. Gita linaingia peke yake, linasimama, unadhani sindano imekwama, halafu wote wanaingia kwa pamoja. Nikanyoosha mkono nikushike bega. Kiti kilikuwa kitupu.

Sasa sikia ya jana. Baba Mdogo ndiye mrithi wako. Alikaa mbele ya ukoo amevaa koti lako, mikono yake imemfunika mpaka vidole, na sauti ile ile ya mzee wa kanisa. Mashati yakagawiwa, na baiskeli. Zikabaki gramafoni na santuri.

"Mashine ni mali," akasema. "Lakini hizi nyimbo ndizo zilizomharibu mtoto wetu. Zipigwe hapa, tuzisikie. Ya Mungu ibaki. Ya shetani ivunjwe."

Nyundo ilikuwa mapajani mwake. Mkeo, Wifi Tumpe, akaniangalia. Ya Mungu hatuna hata moja, unajua mwenyewe.

Baba Mdogo akanigeukia. "Wewe si ndiye mwenzake wa hizi kelele? Haya, piga."

Nikaweka ile ya tatu. Kama kuvunjwa, basi ianze iliyo bora. Lakini kabla gita halijaingia, nikaubana ukingo wa sahani kwa kidole gumba, chini ya pindo la khanga. Sahani ikazunguka kwa uvivu. Yule kijana mwenye sauti ya jogoo akawa mzee anayeungama dhambi, na gita likawa kinanda cha kanisani. Kiingereza, hakuna aliyekielewa. Shangazi akainamisha kichwa. Kidole kikaanza kuniwaka moto. Kikiteleza tu, tumekwisha. Kila wimbo ulipotaka kuchomoka, Wifi alikohoa kwa nguvu, mpaka watu wakamwonea huruma kwa kifua chake.

Ukaisha. Baba Mdogo akafuta macho kwa mkono wa koti lako.

"Ndaga, asante, mwanangu. Kumbe alikuwa na maombolezo!" Nyundo akaisukumia chini ya kiti. Nyingine hakutaka hata kuzisikia, akamwachia Wifi zote pamoja na mashine. "Ila hii ya leo, Jumapili tutaipiga kanisani. Waumini wote wasikie moyo wa Asajile."

Wifi tangu jana hatulii. "Utabana tu, wifi yangu, kama ulivyobana. Nami nitakohoa."

Naweza. Lakini kaka, jana nilipokuwa nimembana yule kijana, niliwatazama wanavyolia, nikajiuliza wanamlilia nani. Walimlilia mtu mmoja mpole, mzito, mtii, ambaye mimi sijapata kukutana naye. Wewe ulikuwa unakula umesimama. Ulikuwa unacheka kabla ya kumaliza kusimulia. Wamekuzika mara moja, inatosha.

Santuri nyingine Wifi amezifunga ndani ya mkeka, na rafiki yako anazipitia Jumamosi kuzipeleka Kihesa. Mimi si mjinga: wakigundua, watazivunja zote. Hii moja nitaipeleka kanisani mwenyewe. Nimeogopa tangu asubuhi. Baba Mdogo akinifukuza katika ukoo, nitafukuzwa. Lakini nakuahidi: nitazungusha ufunguo mpaka mwisho, nitashusha sindano, kisha nitakaa nimeikunja mikono kifuani.

Kwaheri, kaka yangu. Jumapili, wakimaliza mahubiri, tega sikio. Hawa watu watakusikia.

Dada yako